Kambi nje ya lami, upande wa Maungu na Kasigau: mwatafuta vipi mahali pazuri?

Hema_Mbili (Mombasa)

Hamjambo nyote. Twataka kutoka Mombasa Ijumaa saa saba mchana, mwishoni mwa Agosti, watu wanne, hema mbili, gari moja la 4x4 lenye tairi za 265/70R16. Nia ni kulala siku mbili nje ya lami, tukikata kushoto Maungu, kwenye barabara ya Nairobi, kuelekea mlima Kasigau. Twataka mahali pa hema pasipofikiwa na kelele za malori ya barabara kuu.

Nimefungua iOverlander, programu ambayo wasafiri huweka alama za mahali pa kulala, alama za upande huo ni chache na nyingine hazina maelezo ya karibuni. Kwenye picha za setilaiti naona mahali kadhaa panavutia: uwazi chini ya miti, ukanda mpana wa mchanga mweupe, na njia moja iliyonyooka vizuri inayokata nyika yote. Pia njiani upande wa Kwale kuna kilima chenye msitu wa mviringo juu yake, nikaona twaweza kukitumia siku ya kurudi.

Nitajuaje kabla ya kuondoka kwamba gari litafika? Nitajuaje ni ardhi ya nani? Na kuna karatasi za ramani za 1:50,000 za Survey of Kenya nimeazimwa, je zingali na faida au simu yatosha?

RamaniNaDira

Ndugu, anza na OpenStreetMap, ramani huria inayochorwa na watu wa kujitolea, maana njia nyingi za ndani zimechorwa humo. Programu za simu Organic Maps na OsmAnd zote zachota data hiyo hiyo. Organic Maps ni nyepesi na haili betri sana. OsmAnd ni nzito, lakini yaweza kukuonyesha daraja la njia, na hilo ndilo unalolihitaji. Njia za vumbi humo hupewa daraja la 1 hadi la 5: la 1 ni barabara iliyoshindiliwa ikawa ngumu, la 5 ni udongo laini au nyasi ambapo tairi zimeacha alama tu. Njia isiyo na daraja lolote ihesabu kuwa ya 5. Mara nyingi aliyeichora aliiona kwenye picha akiwa mbali, hakuipita.

Tracks4Africa, ramani nyingine ya simu, ni ya kulipia. Njia zake ni chache kuliko za OpenStreetMap, lakini msingi wake ni safari zilizorekodiwa na madereva, na hutoa muda wa kusafiri badala ya kilomita peke yake. Kilomita 30 za njia ya vumbi zaweza kuwa dakika 40 au saa tatu, kwa hiyo huo muda una thamani kubwa. Njia ikionekana kwenye ramani zote mbili, matumaini ya kufika ni makubwa.

Pakua ramani ukiwa nyumbani, kisha zima data na utafute Rukanga, kijiji cha chini ya Kasigau. Isipotokea, hujapakua. Picha za setilaiti haziji pamoja na ramani hiyo, kwa hiyo piga picha za skrini: moja ya eneo lote, nyingine ya karibu kwa kila mahali ulipopachagua, na kipimo cha umbali kionekane pembeni.

Sasa picha zenyewe. Usitazame mahali pa kulala kwanza, tazama maji. Lambo la mifugo laonekana kama doa la kahawia au la kijani lenye ukingo wa udongo upande mmoja, na vijia vyembamba vinalielekea kutoka pande zote kama miale. Vijia hivyo ni vya ng'ombe mchana na vya ndovu usiku. Kaa mbali na lambo, kilomita mbili ukiweza, na usipige hema juu ya kijia hata kikiwa ndiyo sehemu pekee iliyo tambarare. Boma laonekana kama duara la miiba, la zamani hubaki doa lisiloota kitu. Doa hilo la zamani lavutia kwa hema, lakini kupe na viroboto huweza kuwa wangali hapo.

Rangi ya udongo nayo yasema. Wekundu ule wa Tsavo hushika gari vizuri ukiwa mkavu na huteleza ukilowa. Mabonde ya rangi ya kijivu iliyokoza yaepuke: ni udongo mweusi, ukinyeshewa hujaa kwenye meno ya tairi, na 4x4 haitakusaidia. Kujua kama kumenyesha, fungua picha za Sentinel-2 kwenye tovuti ya Copernicus, ni bure. Nukta moja ni mita 10, kwa hiyo gari hulioni, lakini satelaiti hizo hurudi kila baada ya siku chache, na utaona kama malambo yamejaa au nyasi zimegeuka kijani wiki hiyo.

Ile njia yako iliyonyooka iwekee shaka. Njia ya ng'ombe au ya gari la kijiji hupinda ikikwepa miti. Inayokwenda kama rula ni ya nguzo za umeme, au ya bomba la maji, au ni mpaka uliofyekwa wa ranchi. Mara nyingi huishia kwenye geti lenye kufuli, au kwenye korongo ambalo waya umeruka lakini gari haliwezi. Na ramani au picha yoyote ya kabla ya 2014 haioneshi tuta la SGR. Njia nyingi za zamani zimekatwa na tuta hilo, ukifika itabidi ufuate reli hadi upate kivuko cha chini, na kimo chake kipime kwa macho kabla ya kuingia ukiwa na mizigo juu ya gari.

Mama_Kambini

Kaka, mimi nitajibu la ardhi, maana hapo ndipo watu hufukuzwa saa tatu za usiku.

Katiba ya 2010 inagawa ardhi yote ya Kenya katika mafungu matatu: ya umma, ya jamii na ya binafsi. Hakuna fungu la nne la ardhi isiyo na mwenyewe. Kati ya Maungu na Kasigau sehemu kubwa ni ranchi, na majina kama Rukinga, Taita na Kasigau utayakuta. Pori utakaloona halina uzio wala kibao lina askari wake, na kwa sababu ya ujangili wao wakiona mwanga usiku huja kuuliza wakiwa tayari kwa lolote. Kwa hiyo ruhusa huombwa mapema, kwa simu au ofisini, na jina la aliyeitoa unaliandika. Ruhusa ya mchungaji uliyemkuta njiani si ruhusa ya ranchi.

Ukikaribia mlima wenyewe, unaingia kwenye vijiji vitano vinavyouzunguka: Rukanga, Jora, Kiteghe, Bungule na Makwasinyi. Hapo utaratibu ni mwepesi: nenda kwa mzee wa kijiji au chifu kabla ya kushusha hema, sema ni watu wangapi, usiku mingapi, na kama mtawasha moto. Uliza pia ada ya jamii. Msitu wa juu mlimani ni wa hifadhi, usiupande bila kiongozi wa hapo.

Na huyo kiongozi, namna ya kumuuliza ina maana. Ukimwambia "njia ni nzuri?" atakujibu "nzuri", naye anawaza bodaboda. Muulize: gari gani lilipita hapo mara ya mwisho, na lilipita lini? Likiwa lori la kubeba mifugo mwezi huu, utapita. Likiwa ni gari la kampeni za uchaguzi uliopita, tafuta njia nyingine. Umbali usimuulize kwa kilomita, muulize ni dakika ngapi kwa pikipiki, kisha wewe zizidishe mara mbili. Ukimchukua ndani ya gari, mkalishe mbele, na mkubaliane malipo na namna atakavyorudi nyumbani kabla ya kuwasha injini.

Usichanganye ranchi na Tsavo East. Ukishaingia mbugani, kuacha njia kwa gari hakuruhusiwi, kulala ni kwenye kambi zilizotengwa tu, kama Ndololo karibu na geti la Voi, na mageti ni saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Malipo ni kwa eCitizen, yafanye ukiwa bado na mtandao.

Nimelibakiza la msitu wa mviringo kwa makusudi. Tafadhali usiende kulala pale. Kwale na Kilifi, kilima chenye kichaka kizito cha duara katikati ya mashamba aghalabu ni Kaya ya Wamijikenda. Ni mahali pa ibada na makaburi, kadhaa ziko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2008, na haziingiwi bila wazee. Ramani nyingi haziandiki neno lolote pale, panaonekana tu kama msitu. Ukitaka kuzuru, Kaya Kinondo huko Diani ina wenyeji wanaopokea wageni mchana.

Mpima_Mstaafu

Kijana, karatasi za 1:50,000 usizirudishe. Sentimita 2 ni kilomita moja, na mistari ya mwinuko inakuonyesha jambo ambalo picha ya juu huficha: mteremko. Mistari ikikaribiana chini ya milimita 2, hapo gari lisitoke njiani. Ikiachana sentimita nzima na zaidi, hema italala vizuri. Barabara zilizochorwa humo zimepitwa na wakati, ila vilima na makorongo hayajahama.

Kuna mtego mmoja. Karatasi hizo zimepimwa kwa msingi wa Arc 1960, na simu yako inatumia WGS84: ni mifumo miwili tofauti ya kuhesabu mahali. Ukisoma namba za miraba ya UTM kwenye karatasi ukaziingiza kwenye simu kama zilivyo, utatupwa kama mita 300, zaidi kwa kaskazini. Mita 300 porini zatosha kukuweka ng'ambo ya korongo. Kwenye mpangilio wa programu au kifaa cha GPS chagua Arc 1960, ukanda wa 37 kusini, uingize namba, kisha urudishe WGS84. Programu isiyo na chaguo hilo isitumike kwa kazi hii.

Kosa la pili ni la uandishi, na ndilo hutokea zaidi. Mtu amekuandikia S 3°49.5', wewe ukaandika -3.495. Si sawa. Dakika zigawe kwa 60: 49.5 kwa 60 ni 0.825, kwa hiyo ni -3.825. Tofauti ya hizo mbili ni karibu kilomita 37. Na ukisahau alama ya kutoa, simu itakupeleka kaskazini ya ikweta, ng'ambo ya mpaka wa Ethiopia karibu na Moyale. Kila pini ukishaiingiza, itazame kwenye ramani: iko upande gani wa mlima, umbali gani kutoka Maungu?

Hema_Mbili

Shukran sana, Mama na Mzee. Kaya nimeifuta kwenye orodha, sikujua kabisa. Swali moja limebaki: ule mchanga mweupe. Agosti si masika wala vuli, mbona tusilale pale, nao ni laini na tambarare?

FundiTairi_Changamwe

Ule ni mto mkavu, ndugu. Ni kweli Agosti hatari ya maji ni ndogo. Lakini maji ya korongo hutoka vilimani, si lazima mvua ikunyeshee wewe. Tazama matawi ya miti ya ukingoni: ukikuta nyasi na vijiti vimenasa, kimo hicho ndicho maji yalipofika. Hata bila maji, kitanda cha mto ndiyo barabara ya wanyama, nao ndovu huchimba mchanga wakitafuta maji. Panda ukingoni, juu ya zile takataka zilizonasa, na usiwe ukingoni kabisa, maana udongo wake hubomoka.

Kuuvuka tu ni sawa. Shuka kwa miguu kwanza. Kisigino kikizama zaidi ya sentimita 5, punguza upepo kutoka PSI 32 au 35 hadi 18, ingiza gia ya chini, vuka bila kusimama na bila kukata usukani ghafla. Ukiwa na PSI 18 usizidi kilomita 40 kwa saa. Ukishavuka, jaza hadi 26 papo hapo, usingoje. Tairi laini hutanuka ubavuni, na miiba ya migunga ya huko huingia ubavu kwa urahisi. Tundu la usoni laweza kuzibwa kwa vijiti vya pancha, la ubavuni halizibiki. Pampu ya volti 12 ibane moja kwa moja kwenye betri, ukiichomeka kwenye tundu la sigara fyuzi itaungua.

Maji: lita 5 kwa mtu kwa siku, kunywa na kupika, kwa nyinyi ni lita 40, ongeza 20 za akiba. Yatieni kwenye majerikeni matatu ya lita 20, moja likipasuka mnabaki na mawili.

Ratiba yenu ndiyo inanitia wasiwasi kuliko mchanga. Mkitoka saa saba, kwa foleni ya malori hadi Mariakani mtafika Maungu saa kumi au kumi na moja. Jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu, na giza halichelewi. Usiku wa kwanza laleni kwenye mabanda ya jamii Bungule au Rukanga, piga simu mapema muulize kama wana nafasi ya hema. Mahali pa kutafuta kwa ramani pawe pa usiku wa pili, mkiwa na siku nzima.

Mkifika, iwe saa kumi jioni. Mmoja azunguke hatua 50 kila upande kabla ya kushusha chochote. Kinyesi cha ndovu kikiwa na unyevu ndani ukikivunja kwa kijiti, hameni. Tazama juu kama kuna tawi kavu, tazama chini kama kuna mstari wa siafu. Gari liegeshwe pua ikielekea mlikotokea, na hema zisiwe kati ya gari na njia.

Mama_Kambini

Naongeza kwa Fundi: kuni za huko msiokote bila kuuliza, kwenye ranchi nyingi zimekatazwa. Bebeni jiko la gesi na mtungi wa kilo 6.