Tupeane uzoefu: MS na mambo ya chumbani

Wakuu, uzi huu ni wa wenye multipo sklerosisi, MS kwa kifupi, na wenza wao. Kliniki tunaulizwa macho, miguu, mkojo. La chumbani haliulizwi, nasi tunanyamaza. Naanza mwenyewe.

Nina miaka 41, niko Dar. Mwaka wa pili wa ugonjwa ganzi ilinishika kuanzia kiunoni kushuka. Mume akinigusa, kama kanigusa juu ya blanketi. Ukavu, kileleni sifiki. Yeye akadhani nimemchoka, mimi nikadhani uanamke umekwisha. Kumbe MS inaharibu utando unaofunika mishipa ya fahamu kwenye ubongo na uti wa mgongo, taarifa zinapotea njiani. Nilipomweleza alinyamaza, halafu akauliza, "Sasa wapi bado unasikia?" Tukaanzia shingoni. Ukavu tulimaliza kwa kilainishi cha maji. Wenye kutumia kondomu, mafuta ya nazi wekeni jikoni, yanaipasua.

Kijana wa Likoni: Shukran dadangu. Kwangu jogoo hapandi mtungi. Nimekunywa mizizi mpaka basi! Mwisho daktari akaniuliza kwanza kama natumia dawa za moyo za naitreti, maana haziendi pamoja, ndipo akaniandikia sildenafili. Yasaidia, ila hamu haileti, hiyo utafute mwenyewe. Na hili joto letu hupandisha dalili. Sisi ni alfajiri, feni juu, kabla uchovu haujaniangusha.

Mke wa Fundi: Wangu miguu hukakamaa katikati ya shughuli. Tunalala ubavu, na daktari alimpangia upya saa za kumeza baklofeni, ile dawa ya kulegeza misuli. Anakwenda haja ndogo kwanza, taulo tunatandika. Siku moja ilivuja hivyo hivyo. Tulicheka hadi watoto wakagonga mlango.

Mama Wawili: Mimi hamu ilikata baada ya kuanza dawa za sonona. Niache?

Mwanzisha uzi: Usiache ghafla, mama. Mwambie daktari hivyo hivyo ulivyotuambia, zipo nyingine za kubadilisha.

Bado Sijaoa: Nimesoma yote. Swali langu: mchumba unamwambia lini, kabla ya mahari au baada?

Mke wa Fundi: Kabla, mdogo wangu. Mimi niliambiwa baada.