Ushauri: Nimeletewa mzigo wa leza za kijani dukani Arusha, niuze au nirudishe?

MamaDuka_Levolosi

Wakuu, habari za jioni. Nina duka dogo la vifaa vya simu na umeme hapa Arusha, upande wa Levolosi. Nauza chaja, kava, spika ndogo, tochi na taa za sola. Jamaa wa jumla anayeniletea mzigo kutoka Kariakoo safari hii ameongeza boksi la leza. Ni zile nene nyeusi za kuchaji, zenye mwanga wa kijani, kifunguo kidogo mkiani na kichwa unachozungusha mwanga ukatawanyika ukutani kama nyota. Kanipa kwa mali kauli, nikiuza ndiyo nimlipe. Anasema msimu huu wa sikukuu zinatoka kama njugu.

Kinachonikosesha raha ni kwamba duka liko njiani kwa watoto wa shule ya msingi. Nilipoweka moja kwenye kioo, waliosimama kuitazama ni watoto. Mteja mmoja mtu mzima akaomba kuijaribu, akaielekeza ukuta wa ng'ambo mchana kweupe. Nukta ilikuwa kali kiasi kwamba mama anayeuza mboga pale aligeuza uso na kufunika macho kwa khanga. Nikaitoa kwenye kioo.

Halafu nikasoma maandishi. Stika iliyo kwenye leza yenyewe inasema nguvu yake ni chini ya miliwati 5, nanomita 532 (kipimo cha rangi ya mwanga), na kuna pembetatu ya njano ya hatari. Boksi lake limechapwa miliwati 1000. Yote mawili hayawezi kuwa kweli.

Naomba mnisaidie: sheria ya kwetu inasemaje? Leseni yangu ya biashara inatosha au kuna kibali kingine? Na hatari ya macho ni kubwa kweli, au ni maneno tu? Jamaa anataka jibu mwisho wa wiki.

Kaka_wa_Krokoni

Dada, uza. Mimi ninazo, jirani yangu anazo, wamachinga wanatembea nazo stendi. Sijawahi kuona mtu akiulizwa kibali cha leza. Toa risiti, lipa kodi yako, basi. Mteja akienda kuitumia vibaya, hilo ni lake. Kisu nacho kinakata na tunauza.

Wakala_Namanga

Kaka wa Krokoni, kutoulizwa hakufanyi bidhaa iwe halali. Mimi kazi yangu ni kutoa mizigo forodhani, kwa hiyo niseme ninachokishika kila siku.

Leseni ya biashara kutoka halmashauri inakuruhusu kufanya biashara ya aina fulani mahali fulani. Haithibitishi kwamba kila kilichopo kwenye shelfu ni salama. Ubora wa bidhaa uko kwa TBS, Shirika la Viwango, chini ya Sheria ya Viwango ya mwaka 2009. Bidhaa nyingi za kutoka nje zinatakiwa zikaguliwe huko zinakotoka kabla ya kupakiwa, na mwagizaji apewe cheti cha kuonyesha zimekidhi viwango. Cheti hicho hakai nacho muuza rejareja, lakini una haki ya kumwuliza aliyekuletea: mzigo huu uliingia na karatasi gani? Akianza kuzungukazunguka, umeshapata jibu.

Upande wa mnunuzi kuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na FCC, Tume ya Ushindani. Inakataza kumpotosha mteja kuhusu ubora au sifa za bidhaa. Sasa dada, wewe una kitu ambacho stika inasema 5 na boksi linasema 1000. Mteja akiumia akaja na mwanasheria, wa kwanza kutafutwa ni mwenye duka aliyetoa risiti. Yule wa Kariakoo atakuwa amebadilisha namba ya simu.

TBS wana ofisi ya Kanda ya Kaskazini hapo hapo Arusha. Beba leza moja na boksi lake uwaonyeshe. Na masuala ya mionzi kitaifa yako chini ya Tume ya Nguvu za Atomiki, TAEC, ambao wapo Njiro. Piga hodi, uliza. Kuuliza hakuna ada.

Nesi_Macho_Moshi

Nawasalimu wote. Nafanya kazi kitengo cha macho hapa Moshi, na hili la kufananisha leza na kisu naomba nilijibu, maana ndipo watu wanapopotea.

Kisu kikikukata unasikia maumivu, unakiachia. Leza haiumi. Mwanga wa tochi hutawanyika, lakini wa leza unasafiri umenyooka, ukifika jichoni lenzi inaukusanya wote kwenye nukta moja ndogo sana ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Retina haina hisia za maumivu. Mtoto anaweza kuichoma akicheka. Ikichomwa sehemu ya katikati, ile tunayoiita makula, ndiyo unayotumia kusoma, kutambua sura ya mtu na kuingiza uzi kwenye sindano. Anabaki na doa jeusi au lenye ukungu katikati ya kila anachokitazama. Miwani haiondoi doa hilo, kwa sababu tatizo haliko kwenye lenzi.

Mwaka 2018 jarida la New England Journal of Medicine lilieleza habari ya mtoto wa miaka 9 huko Ugiriki aliyekuwa akicheza na leza ya kijani na kuitazama mara kwa mara. Madaktari walikuta tundu kwenye makula ya jicho la kushoto. Miaka tisa tu. Huyo ni darasa la tatu au la nne kwetu.

Watu hunijibu kwamba jicho hujilinda kwa kupepesa. Ni kweli, kupepesa huchukua kama robo sekunde, na kwa leza isiyozidi miliwati 1 hiyo robo sekunde inatosha kumwokoa mtu aliyemulikwa kwa bahati mbaya. Ndiyo maana Uingereza hairuhusu leza za kuelekezea zinazozidi miliwati 1 ziuzwe kwa watu wa kawaida, na Marekani kikomo ni miliwati 5. Ikifika mamia ya miliwati, kupepesa kumechelewa. Na watoto hawapepesi, wanashindana nani atatazama muda mrefu zaidi. Usisahau pia vioo: leza ikipiga kioo cha pembeni cha bodaboda, inarudi karibu na ukali ule ule.

Kama kuna mzazi anasoma hapa na mwanawe ameshamulikwa na anasema anaona doa, asimtie matone ya kubahatisha kutoka duka la dawa. Ampeleke kwenye kliniki ya macho retina ikaangaliwe. Hospitali ya KCMC hapa Moshi wana idara ya macho, watu wa Arusha pia hufika.

Mwalimu_Fizikia

Naongezea kuhusu stika, kwa sababu dada ameligusa jambo lenyewe.

Mwaka 2013 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa matokeo ya kupima leza 122 za mkononi. Karibu asilimia 90 ya zile za kijani hazikufuata kanuni za usalama za huko, na nyekundu ni kama asilimia 44. Hiyo ni nchi yenye maabara na ukaguzi.

Kwa nini za kijani ndizo zinazokiuka kanuni zaidi? Nyingi haziutoi mwanga wa kijani moja kwa moja. Ndani kuna diodi inayotoa mwanga usioonekana wa nanomita 808, unaingia kwenye fuwele na kutoka ukiwa 1064, nao hauonekani, kisha fuwele ya pili inaugeuza kuwa 532, ndiyo kijani unachokiona. Mbele panatakiwa kuwe na kichujio cha kuzuia ule usioonekana usitoke. Mtengenezaji anayebana gharama anakiacha. Matokeo yake leza inaweza kuonekana hafifu huku ikitoa mionzi mingi jicho lisiyoiona, na jicho halipepesi kwa kitu lisichokiona.

Za bluu na zambarau ziogopeni vilevile. Jicho letu huona kijani vizuri kuliko rangi hizo, hivyo bluu yenye nguvu ile ile huonekana dhaifu, mtu akadhani ni salama.

Kwa macho matupu huwezi kujua miliwati. Ikiwa inawasha kiberiti au kutoboa puto jeusi, kama wanavyoonyesha kwenye video za mauzo, hiyo si ya kuelekezea ubaoni. Iondoe dukani.

Mtembeza_Wageni

Mimi ni mwongoza watalii. Leza ya kijani tunaitumia kambini usiku kuwaonyesha wageni nyota, maana inachora mstari mpaka angani na kila mtu anaona unachokielekeza. Ni kifaa kizuri kwenye mkono wa mtu mmoja aliyefundishwa. Sheria yetu kambini: haipewi mgeni, haipewi mtoto, haimulikwi mnyama, na ukisikia ndege unaizima kwanza ndipo unaendelea kuongea.

Jirani_KIA

Nashukuru umetaja ndege. Nakaa Hai, ndege zinapita juu yetu zikielekea KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, nyingine usiku. Nimewaona vijana wakizimulikia kwa mchezo.

Leza ya kijani ya miliwati 5 halisi inadhuru jicho kwa umbali wa kama mita 16. Lakini inaweza kumpa rubani mwako wa kumziba macho mbali zaidi ya hapo, na kumvuruga umakini umbali wa zaidi ya kilomita 3. Kioo cha chumba cha rubani kinatawanya ule mwanga, mbele kote kunakuwa kijani, na hapo anatafuta taa za njia ya kutua. Marekani tangu 2012 ni kosa la hadi miaka mitano jela, Uingereza walitunga sheria yao 2018. Kwetu Kanuni ya Adhabu inagusa vitendo vya kizembe vinavyohatarisha maisha ya watu, kwa hiyo kijana asidhani hakuna cha kumshika.

Shabiki_Sheikh_Amri

Na mpira. Machi 2022 Senegal na Misri, Salah alimulikwa usoni akienda kupiga penalti. FIFA waliitoza Senegal faranga za Uswisi 175,000. AFCON 2027 inakuja kwetu na Arusha ina uwanja wake. Tusianze kuziuza kwa fujo sasa hivi.

Kaka_wa_Krokoni

Nimesoma yote. Nesi, maelezo yako ya retina yameniingia, nina binti wa darasa la pili. Lakini wahadhiri na watu wa semina wanazihitaji. Tusiuze kabisa?

Mwalimu_Fizikia

Hao wauzie rimoti ya projekta yenye leza nyekundu ya daraja la 2, isiyozidi miliwati 1, kutoka kwa muuzaji anayeweza kukuonyesha karatasi zake. Mhadhiri haonyeshi nyota, anaonyesha sentensi iliyo mita chache mbele yake.

MamaDuka_Levolosi

Asanteni sana, nyote. Nimeamua boksi linarudi. Nimempigia jamaa nikamwuliza karatasi, akasema "dada wewe uza tu, maswali ya nini". Kesho napeleka moja TBS niwaonyeshe, zilizobaki nimezifungia ndani. Nesi, naomba ruhusa nichape yale maelezo yako nibandike dukani, wazazi wengi wa mtaa huu wananunua kwangu.

Nesi_Macho_Moshi

Chapa, mdogo wangu. Ongeza kwa herufi kubwa kwamba leza haiumi. Hilo ndilo wazazi hawalijui.

Wakala_Namanga

Jambo moja kabla hujarudisha: usimalizane naye kwa simu tu. Mwandikie meseji, taja idadi ya leza, sababu ya kurudisha na ile moja iliyo TBS, na umwambie aliyebeba mzigo asaini. Mali kauli bila maandishi ndiyo inayowagombanisha watu.