Nilimuuliza treni inaondoka saa ngapi: leave, leaves au left?

mtu_wa_mwanga (Kigoma): Wakuu habari za jioni, naomba msaada, narudia mtihani wa fomu foo na kingereza kinanitoa jasho. Juzi nilienda stesheni kuulizia treni ya Tabora, nikarudi nikaliandika swali langu kwenye zoezi hivi: "I asked the clerk what time does the train leave." Ticha kafuta does, na leave kaifanya left. Sasa left si imeshaondoka? Na treni ilikuwa bado kabisa!

asali_mbichi (Tabora): Hayo makosa mawili mkuu usiyachanganye. Does inatoka kwa sababu swali likishaingia ndani ya sentensi nyingine siyo swali tena, linakuwa maelezo, kwa hiyo do, does na did zote nje, unaanza na the train ndo kitenzi kinafata. Sasa huo wakati ndo Kiswahili kinatuponza, sisi tunasema "nilimuuliza inaondoka saa ngapi", nilimuuliza imepita ila inaondoka inabaki palepale na hakuna anayeshangaa. Kwa Mwingereza ukianza na asked, kitenzi kinachofuata nacho kinarudi wakati uliopita, kama mabehewa kichwa kikipiga rivasi. Left hapo haisemi treni imeondoka. Ingekuwa imeshaondoka kabla hujauliza, ungeandika "I asked if the train had left". Na kama unauliza ya kesho, will inakuwa would.

dagaa_wa_ujiji: Ila jamani tusimtishe kijana, "what time the train leaves" nayo siyo kosa kama ratiba ni ileile mpaka leo, wenyewe wanasema hivyo kila siku. Kwenye mtihani tu ndo weka left ulale salama.

mtu_wa_mwanga: Aaah. Sasa nikimsimamisha mtu njiani nikamwambia "Could you tell me where the port was", nipo sawa? maana could ni ya nyuma

asali_mbichi: Hapana, atadhani bandari imehamishwa 😂 could hapo ni adabu tu, kama sisi tunavyosema "samahani, nilikuwa naomba", hujarudi nyuma popote. Sema "where the port is". Do you know, can you tell me, I wonder, zote hizo ni za sasa hivi, kitenzi kinakaa kama kilivyo.

mtu_wa_mwanga: Duh, na ticha nilishamnunia tangu jumatatu. Asanteni wakuu