Wauza maganda ya vichwa vya treni, acheni kuandika "linaingia chasisi yoyote ya N"

Wakuu salaam,

Huu uzi ni wa kulalamika, asiyetaka apite zake.

Kila tangazo la ganda la kuprinti (bodi ya kichwa cha treni ya modeli, unaivisha juu ya chasisi yenye mota na magurudumu) siku hizi lina maneno yaleyale: "linaingia chasisi yoyote ya N." Yoyote ipi? N ni upana wa reli ya modeli, mm 9, basi. Haikuambii ekseli zimepishana kiasi gani wala mota imesimama juu kiasi gani. Hata skeli, yaani treni halisi imepunguzwa mara ngapi, haikuambii: Mwingereza anapunguza mara 148, Mjapani 150, Mjerumani na Mmarekani 160, na wanaotengeneza vichwa vya reli nyembamba kwa 1:87 au 1:76 nao wanatembeza juu ya mm 9 hiyohiyo. Huku ni kuuziana mbuzi kwenye gunia.

Tunachotaka ni vipimo vitano tu: ekseli kwa ekseli, kipenyo cha gurudumu, urefu wa fremu, upana wa mota pale inapotokeza zaidi, na kimo kutoka usawa wa reli hadi juu ya mota. Msiseme haiwezekani. Tenshodo wa Japani, bogi zao za mota (bogi hapa ni kigari cha magurudumu kinachokaa chini, si behewa) zinauzwa kwa majina ya vipimo, WB-24.5, WB-26, WB-28, WB-31, WB-35, na namba hiyo ndiyo umbali wa ekseli kwa milimita. Mnunuzi anasoma jina, anachukua rula, anamaliza.

Kimo na upana ndivyo vinavyofichwa zaidi. Chukua kichwa cha kupangia mabehewa chenye boneti nyembamba. Boneti ikiwa mm 11 kwa nje na kuta za mm 1 kila upande, ndani zimebaki 9. Mota ya mm 10 haiingii hata ukiisomea dua. Ukiuliza, jibu ni "kwangua kidogo kwa ndani". Ukuta wa resini ukishafika nusu milimita unapinda kwa joto la mota, na ukibana kuchomeka skrubu unapasuka.

Au unaambiwa "basi kwangua chasisi". Hapa ndipo watu wanapoua mota. Chasisi nyingi za dizeli za N zenye bogi mbili ni vipande viwili vya chuma, kushoto na kulia, vimetenganishwa na plastiki, kila kimoja kinabeba umeme wa reli ya upande wake. Ukipiga tupa mota ikiwa ndani, chenga zinaingia kwenye gia na kwenye komuteta (pale mota inapopokelea umeme), nyingine zinaunganisha pande mbili za fremu na hapo ni shoti. Toa kila kitu kwanza: bogi, shafti, mota, vile vipande vya plastiki. Kwangua fremu ikiwa tupu, ioshe kwa sabuni ya vyombo na mswaki wa zamani, ikauke kabisa. Ukiirudishia, pima kwa maltimita kabla ya kuweka mota: kushoto na kulia visisomane hata kidogo. Ganda likiwa la shaba nyeupe au shaba ya njano, bandika tepu ya kuzuia umeme kwa ndani kila linapoweza kugusa fremu. Hili nalo hamuandiki.

Mwendo je? Gurudumu la mm 5.6 likizunguka mara moja linasogea mm 17.6. Mota ya mizunguko 12,000 kwa dakika na gia ya 15 kwa 1 inazungusha gurudumu mara 800 kwa dakika, karibu mm 235 kwa sekunde. Kwa skeli ya 1:87, zidisha kwa 87: km 73 kwa saa. Hicho ni kichwa cha shamba la miwa kinachokimbia kama basi la mkoani! Gia ya 40 kwa 1 ingekishusha hadi km 27 hivi. Lakini nani anaandika uwiano wa gia kwenye tangazo?

Na mnaowauzia watu maganda ya vichwa vya kwetu, vya reli ya mita, ndio mmezidi. Mita moja kwa 1:160 ni mm 6.25, kwa hiyo reli yake ni ya Z, mm 6.5, si mm 9. Anayetaka mm 9 inabidi achonge kwa 1:110 hivi, na hapo chasisi ya dizeli ya Kimarekani ya N inakuwa fupi na magurudumu yanakuwa madogo. Mchoro ukisema gurudumu mm 914, kwa 1:110 unahitaji mm 8.3. Chasisi nyingi za N zina 6 na kidogo. Semeni hivyo mapema, mtu aamue mwenyewe kama anaweza kulivumilia.

#2
Mkuu umesahau volti. Mtu anaambiwa achukue chasisi ya Z, anaiweka kwenye kontrola yake ya volti 12. Treni za Z za Märklin, kampuni ya Ujerumani, mwisho wake ni volti 10. Inakimbia vizuri wiki mbili, halafu harufu.

Na uzito. Ganda la resini ni gramu chache tu. Chasisi ndogo za ekseli mbili kama 11-109 na 11-110 za Kato wa Japani zinahitaji kukandamizwa ndiyo zishike umeme, la sivyo zinakufa juu ya kile kipande cha plastiki katikati ya pointi (pale reli zinapogawanyika). Weka risasi ya bamba au udongo wa tungsteni katikati ya ekseli mbili. Ukiujaza puani, ekseli ya nyuma inanyanyuka.

#3
Nawatetea kidogo wauzaji: watengeneza chasisi nao hubadilisha muundo bila kubadilisha sura.
Kwa chasisi za mtumba, muuzaji akisema "inagonga kidogo, ni uchafu," usikubali. Ikigonga mara moja kila gurudumu linapozunguka, ni gia ya plastiki ya ekseli imepasuka. Iangalie kwa lenzi, ufa huwa kati ya meno mawili. Pima pia mgongo kwa mgongo wa magurudumu, yaani nafasi kati ya nyuso za ndani za magurudumu mawili ya ekseli moja, isishuke chini ya mm 7.4. Gundi haitashika, badilisha gia.

#4 (mwanzisha uzi)
#3, wakibadilisha muundo, tangazo nalo libadilishwe, ni dakika mbili.
Na kuna tangazo la Garratt ya daraja la 59, kile kichwa cha mvuke cha Afrika Mashariki chenye seti mbili za magurudumu (mpangilio 4-8-2+2-8-4), linashauri "weka chasisi mbili zenye mota". Mota zisipolingana, moja inavuta na nyingine inaburuzwa, magurudumu yanateleza. Zitembeze kila moja peke yake mita 2 kwa volti 6 na saa mkononi. Zikipishana sana, toa gia skrubu (ile ya shafti ya mota) ya mojawapo, magurudumu yazunguke bure, ila waya zake za kuchukua umeme ziache.