Kilemba cha gunia

Kikundi cha kwenye simu cha jumuiya ya Kikatoliki, Makambako. Jumapili ya tatu ya Kwaresima, jioni.

Katibu Mama Asifiwe: Tumsifu Yesu Kristo.

Mama Glory: Milele na milele, amina.

Deo: Milele na milele. Amina 🙏🏾

Katibu Mama Asifiwe: Wapendwa, kwa ambao hamkufika jana: tulisali kwa Mama Neema, tulikuwa 14. Tulisoma Luka 19, habari za Zakayo. Mchango wa mgonjwa umefika 38,500, uko kwa mwekahazina. Ijumaa Njia ya Msalaba ni saa 10 jioni kigangoni, sisi tunaongoza kituo cha tano, Simoni wa Kirene. Jumamosi ijayo tunasali kwa Baba Kelvin, saa 12:30 asubuhi.

Mwenyekiti: Asante Katibu. Mama Neema, asante kwa uji.

Mama Neema: Asanteni ninyi kwa kuja. Naomba mniombee, Jumanne gari linakuja kubeba viazi vyangu. Nilitegemea magunia 18, yametoka 12.

Mama Glory: Pole jamani! Ni ukungu au mnyauko?

Mama Neema: Hapana mama, shamba limezaa vizuri tu. Ni kilemba.

Deo: Vilemba hivyo nilivishona juzi mimi na mwenzangu. Kila gunia ni kama kilo 150.

Katibu Mama Asifiwe: Mimi jana niliyaona, na usiku sikulala vizuri. Mdomo wa gunia haujafungwa. Juu yake kimeshonewa kipande cha gunia jingine, kikashindiliwa viazi mpaka kikasimama kama kilemba, kamba ya bluu imekaza hadi nyuzi zimeachana. Niligusa kiazi kimoja kilichotokeza kwenye tundu, ngozi imeshachubuka. Na sisi tulikaa wapi? Benchi halikutosha, nusu yetu tuliegemea magunia hayo hayo. Tunasoma kwamba Zakayo alirudisha mara nne, na migongo yetu iko kwenye lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, la mjane.

Mwenyekiti: Mama Asifiwe, hili naomba tuliongelee pembeni.

Katibu Mama Asifiwe: Mwenyekiti, kwa heshima zote, kwa miaka yote tunaliongelea pembeni.

Mwenyekiti: Najua. Lakini Mathayo 18 inasema ndugu yako akikosa, mwendee kwanza ninyi wawili. Hatukuanza hivyo.

Katibu Mama Asifiwe: Hapo umenipata. Baba Kelvin, nisamehe. Nilitakiwa nipige hodi kwako jana ile ile.

Baba Kelvin: Nimesoma yote. Nimekusamehe, dada. Lakini na mimi nisikilizwe. Gunia si langu. Mimi ni dalali, tajiri yuko Dar, ndiye anayesema anataka gunia la namna gani. Ushuru unahesabiwa kwa gunia. Nauli ya gari kwa gunia. Kupakia na kushusha kwa gunia. Kule sokoni anauza kwa gunia. Mtu ambaye kila anacholipia kinahesabiwa kwa gunia, mnategemea apendelee gunia dogo? Nikimwambia kilo 100 atavuka njia panda, ataenda kwa wanaoshona vilemba bila kuulizwa. Mama Neema viazi vitamuozea. Nani atakuwa amemsaidia?

Mama Neema: Kwa hilo Baba Kelvin anasema kweli. Mwaka juzi nilikataa. Viazi vilikaa wiki tatu vikaanza kuota na kugeuka kijani, nikauza kwa bei ya kutupa.

Mama Glory: Na bei ya safari hii ni ngapi?

Mama Neema: 60,000 kwa gunia. 12 ni 720,000. Ada ya Neema ya muhula pamoja na deni la mbolea, inabaki ya chumvi.

Deo: Naomba nami niseme, ingawa mimi ni mdogo kwenu. Sisi wapakiaji tunalipwa kwa gunia. La kilo 100 na la kilo 150 malipo ni yale yale. Unachuchumaa, wenzako wawili wanakutwisha, unasimama unasikia kiuno kimelia. Ubao wa kupandia garini unapinda kabla hujafika juu. Mwenzangu tuliyeanza naye kazi sasa hivi hawezi hata kuinama kufunga viatu, ana miaka 29. Ijumaa mmenipangia nisome kituo cha Simoni wa Kirene. Nilikuwa najiuliza nitasomaje.

Mama Glory: Deo mwanangu, pole sana.

Katibu Mama Asifiwe: Hayo ya kiuno hujawahi kutuambia.

Deo: Hamjawahi kuuliza, mama. Na mimi nilihitaji kazi.

Katekista: Tumsifu Yesu Kristo. Nilikuwa kigangoni, ndiyo nafungua simu. Wapendwa, hili halihitaji tafsiri ngumu. Ni amri ya saba, usiibe. Katekisimu ya Kanisa Katoliki namba 2409 inataja waziwazi udanganyifu katika biashara, na kupandisha bei kwa kutumia ujinga au shida ya mwingine, kwamba hayo yanavunja amri hiyo. Shida ya mwingine. Mama Neema hakukubali kilemba kwa sababu anakipenda, amekubali kwa sababu kiazi hakisubiri. Na tusijifiche kwenye sheria ya nchi pia: Wakala wa Vipimo kila msimu wanatangaza mzigo wa mazao usizidi kilo 100.

Baba Kelvin: Katekista, mimi sikatai kwamba ni dhambi. Nauliza nile nini.

Katekista: Swali lako ni la haki na silidharau. Lakini fungua pia Kumbukumbu la Torati 25, aya ya 13. Inakataza mtu kuwa na mawe mawili ya kupimia mfukoni, kubwa na dogo. Kubwa la kununulia, dogo la kuuzia. Watu wa zamani zile walikuwa wanaijua lumbesa.

*(Ujumbe umefutwa)*

Mama Glory: Nimefuta nikaogopa, naandika tena. Hilo jiwe dogo ninalo mimi. Mnaonunua maharage kwangu pale sokoni, kisado changu nimekibonyeza chini. Si kwa bahati mbaya. Nilikipasha moto nikakisukuma na mwiko, chini kikatunga tumbo kwenda juu. Kila kisado kinapungua kama kiganja kimoja. Kiganja ni kidogo, ila kwa siku nauza visado hata 20. Na wengi wanaonunua ni ninyi mliomo humu ndani.

Mwenyekiti: Mama Glory...

Mama Glory: Naona aibu lakini afadhali. Nilimkasirikia Baba Kelvin tangu saa 1 jioni, halafu nikakumbuka kisado kiko chini ya meza yangu. Kesho nanunua kipya. Cha zamani nakitoboa, kitakuwa cha kunyweshea miche. Na kila mwanajumuiya atakayepita wiki hii nitamuongezea kiganja juu.

Katibu Mama Asifiwe: Mama Glory, mimi nilinunua kwako Alhamisi. Sikukulaumu na sitakulaumu. Mungu akubariki.

Mjukuu wa Bibi: Shikamooni. Bibi ametuma sauti kwenye simu yangu, anasema niandike maana wengine hamna bando la kufungua sauti. Naandika kama alivyosema:

"Wanangu, mwaka 1976 maaskofu wa Afrika Mashariki walipokutana Nairobi wakasisitiza Kanisa lijengwe kwenye jumuiya ndogo ndogo, mimi nilikuwa na watoto wawili na mimba ya wa tatu. Huku kwetu tulipoanza, hatukuwa tunajua kushirikishana Neno. Tulianza kwa kulimiana. Nikijifungua, wanakuja kunipalilia. Mume wa fulani akifungwa, tunamvunia mkewe. Kusoma Injili kulikuja baadaye, tukakuta yameandikwa yale tuliyokuwa tunafanya. Siku hizi naona tunasoma vizuri mno, vijana wana sauti nzuri, ila shamba la mwenzio hulijui liko upande gani.

Somo wa jumuiya yetu ni Isidori. Alikuwa kibarua, analima shamba la tajiri kule Madrid. Wanasimulia kwamba siku moja ya baridi alibeba gunia la ngano kwenda kinuni, akaona njiwa wamekaa mtini hawana chakula, akawamwagia nusu gunia. Wenzake wakamcheka. Kufika kinuni, gunia limejaa. Lile lilijaa kwa sababu alilipunguza mwenyewe kwa moyo wake. Hili la mama Neema limejaa kwa kunyang'anywa. Hayo ni magunia mawili tofauti. Baba Kelvin ni mtoto wangu, nilimsimamia ubatizo. Simfukuzi. Namwambia tu aje anione."

Amemaliza. Anasema msalimiane.

Mwenyekiti: Marahaba. Tunamshukuru Bibi. Naomba usiku huu tuishie hapa, tusali kila mmoja kwake. Baba Kelvin, upo?

Mwenyekiti: Baba Kelvin?

*Jumatatu*

Baba Kelvin: Tumsifu Yesu Kristo. Sikujibu jana kwa sababu nilienda kwa Bibi usiku ule ule. Tulikaa mpaka saa 5. Hakunigombeza hata kidogo, aliniuliza tu majina ya niliowanunulia msimu uliopita, mmoja mmoja, na kila jina aliniuliza magunia mangapi. Nilipofika kwa Mama Neema nilishindwa kuendelea.

Leo alfajiri nimempigia tajiri. Amekasirika. Nikamweleza gunia la kilo 100, mdomo umefungwa, bila kilemba. Akasema kama ni hivyo bei ni 52,000 na si 60,000. Na akipata mzigo wa kumtosha Njombe mjini, gari halitasimama kwetu. Hivyo sikuahidini kitu.

Mama Neema uamuzi ni wako, viazi ni vyako. Hesabu ni hii: 18 kwa 52,000 ni 936,000. Ulikuwa upate 720,000. Tofauti ni 216,000. Lakini gari likipita bila kusimama, ni sifuri, na mimi ndiye nitakuwa nimekuponza.

Mama Neema: Niliposoma nimekaa chini. Laki mbili na kumi na sita? Kwa viazi vile vile?

Baba Kelvin: Kwa viazi vile vile.

Katibu Mama Asifiwe: Jamani.

Mama Neema: Naogopa ule mwaka juzi. Sitaki kuwadanganya, naogopa sana.

Mwenyekiti: Mama Neema, nisikilize. Mimi nimezungumza na Katibu na mwekahazina. Gari lisiposimama, jumuiya haitakuacha na viazi. Tuko kaya 22. Kila kaya inachukua debe lake kwa bei ya shambani, na yanayobaki nitayapeleka mwenyewe parokiani, Jumapili tunauza baada ya misa ya pili. Hatutafika 936,000, hilo niwe mkweli. Lakini hutakuwa peke yako kama mwaka juzi. Mwaka juzi wala hatukujua, na hilo nalo ni kosa letu.

Mama Glory: Mimi naandikisha madebe mawili.

Deo: Mimi nusu debe, nakaa peke yangu.

Mama Neema: Basi tufungue vilemba.

Baba Kelvin: Kuna jingine. Msimu uliopita kwako nilitoa magunia 9. Udalali wangu ni 3,000 kila gunia, nilipata 27,000. Hiyo nimekutumia sasa hivi kwa simu, angalia. Mara nne kama Zakayo ni 108,000, kwa mkupuo siwezi. Nipe hadi Pasaka ya mwakani. Na wengine watatu nitawaendea nyumbani kwao.

Katekista: Baba Kelvin, Katekisimu namba 2412 inataja Zakayo pale pale inapofundisha kurudisha kilichochukuliwa. Mara nne ilikuwa ahadi ya Zakayo mwenyewe. Wewe haki ikirudi kwa mwenyewe, umefanya lililo lako.

Mama Neema: 27,000 imeingia, nimeipokea na Mungu akulipe. Hizo nyingine sizitaki. Njoo unisaidie kufumua na kushona upya, shazia linanichoma vidole na macho yangu jioni hayaoni tundu.

Baba Kelvin: Nakuja na Kelvin, saa 10.

Katibu Mama Asifiwe: Mizani je? Tukishona kwa kukadiria tutarudi kule kule.

Deo: Mzee wa duka la pembejeo pale njia panda ana mizani ya kutundika, ina stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huu. Nimeshamuomba. Kaniuliza mnapima nini, nikamsimulia yote. Akasema chukua bure, na kwenye Kurani iko sura nzima inayoanza na ole kwa wanaopunja vipimo. Anasema akifunga duka anakuja kuona.

Mwenyekiti: Mkaribishe. Mwambie uji upo.

Mama Glory: Magunia sita ya ziada mnayo? Mimi ninayo manne matupu, hayana matobo.

Katibu Mama Asifiwe: Mawili nitaleta mimi. Yalikuwa na mahindi, nayakung'uta sasa.

*Jumatatu, saa 1:20 usiku*

Deo: Tumefikia la saba. La kwanza lilipotundikwa lilisoma 148. Baba Kelvin aliliangalia muda mrefu bila kusema. Mwenyekiti, njoo na tochi na kamba nene, tawi la mparachichi tulilotundikia linaanza kulia.

Mwenyekiti: Natoka sasa hivi.