Tiketi ya boti ikishakatwa, kwa nini tarehe isisogezwe?

Mleta mada (Temeke): Wadau, salaam. Naomba tujadili bila matusi. Tulipanga kwenda Unguja na watoto, tukale Idd kwa bibi yao na jioni tukatembee Forodhani. Nilikata tiketi za watu watano mapema, maana ukingoja mwisho wa Ramadhani unaambulia kusimama juani bandarini. Mwezi ukagoma kuandama, mfungo ukatimia 30, na siku ya safari ikageuka siku ya kazi. Usiku ule ule niliwapigia simu wenye boti wanisogezee siku moja tu. Jibu: tiketi haibadilishwi, nauli hairudi, masharti yameandikwa nyuma. Ni kweli yameandikwa, kwa herufi za kusomea darubini. Nikakata nyingine tano. Je, sheria iwabane?

Aliyewahi kukaa dirishani: Pole dada yangu. Ila kiti cha boti ni kama samaki wa pale Feri, kikilala hakiuziki. Mafuta yanaungua vile vile, ujae usijae. Halafu kuna walanguzi. Ruhusu nauli irudi kirahisi uone: watazoa tiketi zote za Idd, wawauzie bei ya kuruka, zinazobaki wazirudishe dirishani bila hasara. Sharti gumu liliwekwa kwa ajili yao, nyinyi mnaumia njiani.

Mleta mada: Kaka, walanguzi nawajua. Lakini mimi sikuomba pesa, niliomba tarehe. Na msimu ule watu wamejaa getini wanatafuta nafasi, viti vyangu vitano vingelala vipi? Mkiviuza tena, mmelipwa mara mbili kwa safari moja.

Baharia mstaafu: Hapo kwenye watu wa getini, taratibu. Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama ikielekea Pemba, imebeba watu kupita uwezo wake. Julai 2012 MV Skagit nayo ikazama, ikitokea Dar. Orodha ya majina isichezewe dakika za mwisho. Abiria akibadilishwa, abadilishwe kabla orodha haijafungwa.

Mleta mada: Shikamoo mzee wangu, hilo nakubali kabisa. Ndiyo maana nilipiga usiku.

Mwanafunzi wa sheria: Tusidhani huko nje kila tiketi inarudishwa. Umoja wa Ulaya humpa anayenunua mtandaoni siku 14 za kughairi, lakini usafiri wa abiria na burudani zenye tarehe maalumu vimetolewa kwenye haki hiyo. Marekani wana kanuni ya ndege: ukikata tiketi siku 7 au zaidi kabla ya safari, una saa 24 tangu kukata za kughairi na kurudishiwa pesa yote, au kushikiliwa nafasi kwa bei ile ile bila kulipa. Kwako isingekusaidia, ulikata mapema mno. Halafu hapa utamshitakia nani? Bara kuna TASAC, shirika linalosimamia usafiri wa majini, Zanzibar kuna Mamlaka ya Usafiri Baharini, na Tume ya Ushindani nayo inahusika na mlaji. Tiketi ya kwenda na kurudi inakatiza pande zote mbili za Muungano.

Baba wa Tanga: Mnazunguka. Upepo ukichafuka, boti isipotoka, si wanawapeleka watu kesho yake kwa tiketi zile zile? Basi kusogeza siku kunawezekana, sema wao ndio wanachagua lini. Watoze hata asilimia kumi ya usumbufu, tutalipa.

Aliyewahi kukaa dirishani: Asilimia kumi ndogo, mlanguzi ataicheka. Iwe robo ya nauli, mara moja tu, jina lisibadilike, na mwisho uwe saa 24 kabla ya kuondoka. Hapo hata mwenye boti atanisikiliza.

Mleta mada: Robo nalipa leo, na jina libaki langu. Ila saa 24 hapana, kaka. Mwezi unatafutwa baada ya magharibi, tangazo mara nyingine linafika watu wameshakula daku ya wasiwasi, na boti ya kwanza ni asubuhi. Kwa saa zako hizo, tiketi yangu imeshakufa kabla hata Mufti hajafungua mdomo. Tuanzie saa nne za usiku, kisha wewe panda au shuka.

Aliyewahi kukaa dirishani: Saa nne usiku nani anakaa dirishani, dada?

Baba wa Tanga: Si tiketi zinauzwa kwa simu saa zote? Simu hiyo hiyo ibadilishe.