Fleti ndani ya nyumba ya kale ya Kusini mwa Marekani: Savannah au Charleston, na sehemu ipi ya nyumba?

MamaWatatu_Charlotte:

Habarini za jioni, ndugu zangu. Mama mkwe wangu anakuja kutoka Tanga mwishoni mwa Septemba, nasi tumepanga kumpeleka pwani ya Kusini kwa siku tano katikati ya Oktoba. Ana umri wa miaka 71, anatembea vizuri kwenye tambarare ingawa magoti yake hayawezi ngazi nyingi, na ametuomba asipelekwe hotelini, kwa kuwa anataka jiko la kupikia, mahali pa kukaa nje jioni, na nafasi ya kuona jinsi watu wa huko walivyojenga nyumba zao za zamani. Tutakuwa watu wazima watatu na watoto watatu, mdogo akiwa na mwaka mmoja na nusu.

Baada ya majuma mawili ya kutafuta nimebakiwa na fleti tatu, zote ndani ya nyumba zilizojengwa kabla ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani. Ya kwanza iko Savannah, Georgia, nayo ni sehemu yote ya chini ya nyumba ya matofali, yenye mlango wake chini ya ngazi kuu ya mbele na ua mdogo nyuma, kwa dola 215 kwa usiku. Ya pili iko Charleston, South Carolina, kwenye ghorofa ya juu ya nyumba ndefu nyembamba ya mbao, yenye baraza inayotazama bustani, kwa dola 290. Ya tatu iko Charleston pia, nayo ni kijumba cha matofali kilicho uani nyuma ya nyumba kubwa, ambacho tangazo linakiita jiko la zamani, kwa dola 240, na katika picha ndicho kinachovutia kuliko vyote. Bei hizo ni kabla ya kodi na ada ya usafi. Naomba mwenye uzoefu anieleze tofauti ambazo picha hazionyeshi.

Fundi_Seremala:

Dada, mfikishie mama shikamoo yangu. Kwa miaka mingi nimekuwa nikitengeneza madirisha, sakafu na ngazi za nyumba za aina hii katika miji yote miwili, kwa hiyo nitaanza na umbo la nyumba, maana ndilo litakaloamua jinsi mama atakavyolala.

Nyumba nyingi za kale za Savannah ziliinuliwa. Sebule na vyumba vya wenye nyumba viko juu, mgeni hupanda ngazi ya nje hadi kwenye mlango mkuu, na sehemu ya chini, iliyo karibu na usawa wa barabara, ndiyo iliyokuwa ya jiko, stoo na kazi za nyumba. Sehemu hiyo ndiyo unayopewa. Faida yake kwa mama ni kubwa, kwa kuwa ataingia kwa kidato kimoja au viwili tu, kuta nene zitamkinga na joto, na ua utakuwa wake. Kasoro yake ni dari fupi, mwanga hafifu, na zaidi ya yote unyevu, kwa sababu tofali la zamani hunyonya maji ya ardhini na kuyatoa ndani ya chumba polepole. Muulize mwenye nyumba kama ana mashine ya kukausha hewa na kama huwashwa saa zote. Akikujibu kwamba hakuna mgeni aliyewahi kulalamika, bado hajakujibu.

Nyumba ya Charleston ina akili nyingine. Ina upana wa chumba kimoja tu, ubavu wake mwembamba ndio unaotazama barabara, na baraza ndefu, ambayo wenyeji huiita piazza, imewekwa upande wa kusini au magharibi ili ipokee upepo na kuvitia kivuli vyumba. Mlango unaouona barabarani hauingii nyumbani bali unaingia barazani. Mimi nilizaliwa Mombasa, na nilipoiona kwa mara ya kwanza nilisimama nikaitazama kwa muda mrefu, kwa sababu ilikuwa nyumba ya watu wanaolijua joto. Tatizo ni kwamba chumba chenye dari ya futi 12 hudai vidato zaidi ya ishirini ili ufike ghorofa inayofuata, na familia haipandi ngazi mara moja kwa siku. Ukiona vyuma vya mviringo kwenye kuta za nje usiogope; ni ncha za nondo zilizopitishwa ndani ya nyumba nyingi ili kuzifunga baada ya tetemeko la tarehe 31 Agosti 1886. Sakafu inayoinama kidogo ni ya kawaida pia.

Kwa ajili ya mtoto mdogo kuna jambo ambalo singelipuuza. Marekani ilipiga marufuku rangi yenye madini ya risasi katika nyumba za kuishi mwaka 1978, na nyumba zote unazozitaja zimetangulia mwaka huo kwa zaidi ya karne moja. Sheria humtaka mwenye nyumba amjulishe mpangaji habari za rangi hiyo, lakini upangaji wa siku zisizozidi 100 umeachwa nje ya sharti hilo, kwa hiyo hutaambiwa usipouliza. Hatari iko hasa kwenye madirisha ya kupandisha na kushusha, kwa kuwa mbao zikisuguana hutoa vumbi, na vumbi huishia kwenye vidole vya mtoto. Uliza kama madirisha yamekwanguliwa na kupakwa upya, na ukifika uyaache yamefungwa katika chumba atakachochezea mtoto.

Msafiri_Greensboro:

Mimi nimelala katika miji yote miwili na nakubaliana na Fundi kuhusu unyevu. Tulipanga chumba cha chini ambacho sitakitaja, na siku ya pili nguo zilizokuwa ndani ya kabati zilinuka ukungu, mume wangu mwenye pumu akalazimika kulala sebuleni karibu na kiyoyozi. Naongeza kwamba Oktoba bado imo ndani ya msimu wa vimbunga, unaoanza Juni 1 hadi Novemba 30, kwa hiyo soma masharti ya kurudishiwa fedha kabla ya kulipa. Charleston ina mzigo mwingine, kwani katika vuli maji ya bahari hujaa kiasi cha kufunika baadhi ya barabara za katikati ya mji hata siku isiyo na mvua. Tazama majedwali ya kupwa na kujaa ya tarehe zenu, na uliza gari litaegeshwa wapi.

Binti_Lubumbashi:

Shikamoo mama, na salamu kwa wote. Nimesoma majibu yote nikisubiri mtu aizungumzie ile fleti ya tatu, na kwa kuwa hajatokea nitasema mimi.

Katika miji hii jiko lilitengwa na nyumba kubwa kwa sababu ya moto na joto, na aliyepika humo alikuwa mtumwa. Chini palikuwa na meko, mara nyingi pamoja na chumba cha kufulia, na juu, kwenye vyumba vidogo vilivyopata joto lote la meko, ndimo walimolala wapishi, madobi na watoto wao. Tangazo likisema jiko la zamani na kunyamaza hapo, limesema nusu. Mwaka 2022, baada ya watu wengi kukasirishwa na tangazo la kibanda cha watumwa huko Mississippi, Airbnb, kampuni ya kupangisha nyumba mtandaoni, iliomba radhi na kutangaza kwamba ingeondoa matangazo ya nyumba za Marekani zinazojulikana kuwa zilikuwa makazi ya watumwa. Hata hivyo nyumba za namna hii bado zinapangishwa kwa njia nyingine na kwa majina laini.

Sisemi kwamba mtu mweusi hawezi kulala humo. Joseph McGill, mtu wa South Carolina, tangu mwaka 2010 amekuwa akilala usiku kucha katika nyumba za watumwa, jimbo baada ya jimbo, ili zitambuliwe na kutunzwa. Yeye hulala akijua alipo na akiwaambia watu. Kinachoniuma ni mgeni kuuziwa vitanda vyeupe na maua juu ya meko bila kuambiwa ni nani aliyesimama mbele ya meko hayo. Kwangu jambo hili si la mbali. Waliofikishwa Charleston kwa minyororo ni pamoja na watu wengi wa eneo la Kongo na Angola, na hadi leo watu wa Kusini mwa Marekani huita karanga goober, neno letu la Kikongo nguba, na mchuzi wa bamia huitwa gumbo, neno lililotoka katika lugha za Kibantu za upande huohuo. Maneno hayo yalipita jikoni. Mama atayatambua akiyasikia, na ningependa ayasikie mahali ambapo habari yake inasimuliwa.

Mzee_wa_Atlanta:

Binti yangu umesema vema, lakini nakuomba uniruhusu nipinge sehemu moja. Ukimshauri dada huyu aiepuke fleti ya tatu kwa sababu hiyo pekee, atadhani kwamba zile mbili ni safi. Fundi ametueleza kwamba sehemu ya chini ya nyumba ya Savannah ndiyo iliyokuwa ya jiko na kazi. Basi waliofanya kazi hizo kabla ya 1865, mwaka utumwa ulipokomeshwa Marekani, walikuwa nani? Hata kuta zenyewe zina historia hiyohiyo, maana matofali makubwa ya kijivu yanayosifiwa mjini Savannah yalifinyangwa na watumwa katika shamba la Hermitage kando ya mto, na huko Charleston unaweza kuona alama za vidole, nyingine ndogo mno kuwa za mtu mzima, zilizobaki kwenye tofali lililoshikwa kabla halijakauka. Hakuna ghorofa ya kukimbilia. Kwa hiyo swali ninalowauliza wenye nyumba, kwa adabu na kwa maandishi, ni hili: chumba tutakacholala kilikuwa nini, na ni nani waliokaa humo? Nimeuliza mara nne katika safari zangu. Wawili walinijibu kwa ukurasa mzima, wenye majina waliyoyapata katika hati za mirathi. Mmoja alinijibu kwamba wageni huja kupumzika, nami nikatafuta mahali pengine.

Tena kuna nyumba za makumbusho zinazolifanya jambo hili kwa uaminifu, na ni afadhali mama azione kabla ya kukaa sana barazani. Savannah kuna Owens-Thomas, iliyokamilika mwaka 1819, ambako matembezi hupitia makazi ya watumwa yaliyo nyuma ya ua, na juu ya mbao zake bado ipo rangi ya buluu ya enzi hizo. Charleston kuna Aiken-Rhett, ambayo haikupambwa upya, na jiko lake la uani limeachwa lilivyo. Lipo pia Jumba la Makumbusho la Kimataifa la Wamarekani Weusi, lililofunguliwa mwaka 2023 pale Gadsden's Wharf, bandari waliyoshushwa maelfu ya watu wetu.

Kwa upande wa magoti, Savannah inashinda bila shaka. Mji uliopangwa na James Oglethorpe, mwanzilishi wa koloni la Georgia, mwaka 1733 una viwanja vya miti 22 vilivyosalia kati ya 24, vyenye mabenchi, na kutoka kimoja hadi kingine ni hatua chache, kwa hiyo mzee hutembea na kupumzika. Mwepushe tu na ngazi za mawe zinazoteremka River Street, barabara ya kando ya mto.

MamaWatatu_Charlotte:

Nawashukuru sana, na Mzee shikamoo. Jana niliwaandikia wote watatu maswali ya Fundi na swali la Mzee.

Mwenye nyumba ya ghorofa ya juu Charleston amejibu vizuri, lakini amehesabu vidato 26 kutoka barazani, kwa hiyo hiyo imekwisha. Wa kile kijumba amejibu kuhusu kiyoyozi na maegesho, na kuhusu waliokaa humo ameandika kwamba jengo lina mvuto wa kale. Nilimwomba pia namba ya kibali cha mji cha kupangisha wageni, ambayo tangazo lilipaswa kuionyesha, naye hajaileta. Tena vyumba vya kulala viko juu, kwa ngazi nyembamba iliyosimama wima.

Mwenye nyumba wa Savannah anaishi ghorofa za juu. Namba ya cheti chake cha kupangisha iko kwenye tangazo. Ameandika kwamba mashine ya kukausha hewa huwashwa mchana na usiku, kwamba madirisha ya mbele yametengenezwa upya na ya chumba cha nyuma bado, na kwamba chumba tutakachotumia kama sebule kilikuwa jiko, ambamo orodha ya mali ya mwaka 1856 inataja wanawake wawili kwa majina yao ya kwanza tu. Ametutumia picha ya ukurasa huo. Niliutazama kwa muda mrefu kabla sijamwonyesha mume wangu.

Fundi_Seremala:

Huyo mwenyeji chukua. Mtoto asilale chumba cha nyuma, na siku ya kwanza pitisha kitambaa chenye maji kwenye vizingiti vya madirisha kisha ukitupe. Muulize tu kama ngazi ya kushukia mlangoni ina pa kushikilia, maana kidato cha jiwe huteleza asubuhi.

MamaWatatu_Charlotte:

Ina chuma cha kushikilia upande wa kulia, ameniambia leo. Nimelipia usiku nne Savannah, na siku ya tano tutapitia Charleston, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari, tuione Aiken-Rhett na makumbusho ya bandarini kabla ya kurudi nyumbani. Binti_Lubumbashi, nilimsomea mama ujumbe wako kwa simu, pamoja na yale majina mawili. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama meko yao bado yapo. Nikamwambia yapo ila hayawashwi, na kwamba pembeni kuna jiko la gesi. Amesema siku ya kwanza atapika bamia na samaki wa nazi humo humo, na ameniagiza nisisahau kutia mbuzi ya nazi kwenye gari.